Bunduki ya kwanza Marekani kwa bajeti ndogo: Angalia viza kwanza, bei baadaye

Mwaka jana binamu yangu anayeishi nje kidogo ya Houston, Texas, alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. "Kaka, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nichimbie mtandaoni. Nina dola 500, nataka bunduki nusu otomatiki ya kuanzia. Kazini kila mtu ananiambia lake. Nichukue ipi?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikagundua kwamba jibu si jepesi hata kidogo, na kwamba kosa dogo kwenye jambo hili linaweza kumfanya mtu apoteze kila kitu alichofuata Marekani.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, bunduki ni kitu cha askari na mlinzi wa benki. Tanzania, raia anayetaka kumiliki silaha lazima apitie polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Sasa mtu huyu huyu akitua Texas, anazikuta bunduki zimepangwa dukani, hatua chache kutoka kwenye mahema na ndoano za kuvulia samaki. Anaona kina baba na watoto wao wanachagua kama wanachagua baiskeli. Ni rahisi kudhani kwamba kitu kinachouzwa wazi hivyo kila mtu anaruhusiwa kukishika.

Si kweli. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia bei, tuzungumze karatasi zako.

Viza yako inasemaje?

Sheria ya shirikisho la Marekani, ile inayotumika majimbo yote, inakataza watu walioingia kwa viza zisizo za uhamiaji kuwa na bunduki au risasi. Hapo wamo wanafunzi wa F-1, wafanyakazi wa H-1B, wageni wa B-1 na B-2, na wale wa programu za kubadilishana za J-1. Asiye na kibali halali cha kuwepo nchini naye haruhusiwa kabisa.

Zingatia neno "kuwa na". Sheria haisemi kununua tu. Kushika bunduki ya rafiki kwa dakika kumi kwenye uwanja wa shabaha kunaweza kuhesabiwa. Risasi moja mfukoni pia.

Kuna msamaha, na unaojulikana zaidi ni ule wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Lakini usiutumie kwa kusikia kutoka kwa mshikaji. Muulize wakili wa uhamiaji, mwonyeshe viza yako, upate jibu la maandishi.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, yaani Green Card, anaruhusiwa kununua, hata kama aliipata kwa ile bahati nasibu ya viza. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi pia hawamo kwenye katazo hili la viza. Raia, bila shaka.

Binamu yangu ana Green Card, kwa hiyo yeye alikuwa salama. Mimi sikuwa. Nilipomtembelea, alitaka twende pamoja uwanja wa shabaha. Nilikuwa na viza ya matembezi. Nikakaa nyuma ya kioo na kikombe cha kahawa, nikatazama. Wenzake waliniona mwoga, na sikuwajibu kitu.

Sababu ya kukaa nyuma ya kioo ni kesi moja maarufu. Hamid Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu, alikwenda Florida kusoma uhandisi kwa viza ya mwanafunzi. Masomo yakamshinda, chuo kikamwondoa, na kibali chake kikafa pamoja na masomo. Yeye akabaki. Siku moja akaenda uwanja wa shabaha, akapiga risasi kama wateja wengine. Hakumlenga mtu wala kumtishia yeyote. Alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2019 iliamua upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba alijua hana tena haki ya kuwa nchini. Kisheria alishinda hoja hiyo. Lakini miaka ya kusumbuka mahakamani haikurudi. Wewe sasa umesoma habari hii, kwa hiyo kisingizio cha "sikujua" ndiyo kimeondoka.

Na hata mwenye Green Card asijisahau. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ameishi huko miaka 20 na watoto wake wamezaliwa huko.

Wapo pia wanaozuiwa bila kujali viza: aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani hata kama kesi ilihesabiwa ndogo, na mtumiaji wa bangi. Hili la bangi linawanasa wengi kwa sababu majimbo mengi yameihalalisha. Fomu ya kununulia bunduki ni ya shirikisho, na kwa shirikisho bangi bado ni haramu. Fomu yenyewe inakukumbusha hivyo.

"Nichukulie na mimi"

Dukani utajaza Fomu 4473. Utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa, utaandika uraia wako, na kama si raia utaandika namba yako ya uhamiaji. Muuzaji mwenye leseni atatuma taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi unaosimamiwa na FBI. Majibu ni matatu: endelea, imechelewa, au imekataliwa. Mara nyingi ni dakika chache tu.

Ukiambiwa imechelewa, usipaniki. Jina lako likifanana na la mtu mwenye rekodi mbaya, mfumo unasita, na sisi wenye majina ya Juma na Mohamed tunafanana kweli. Ikikutokea mara kwa mara, unaweza kuiomba FBI ikupe namba maalumu ya kukutofautisha na huyo mwenzako.

Umri wa chini kununua bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 18 kwa sheria ya shirikisho. Majimbo kadhaa yamepandisha hadi 21. Na tangu mwaka 2022, mnunuzi wa chini ya miaka 21 hufanyiwa ukaguzi wa ziada unaoweza kuchukua hadi siku 10 za kazi.

Kwenye fomu hiyo kuna swali ambalo sisi Waafrika tunaweza kulijibu vibaya kwa wema tu: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Kwetu kumchukulia ndugu bidhaa ni jambo la kawaida. Anakutumia hela, unapita dukani, unampelekea. Ukifanya hivyo na bunduki, umedanganya kwenye fomu ya serikali.

Yupo Mmarekani anayeitwa Bruce Abramski, aliyekuwa polisi zamani. Alimnunulia mjomba wake bastola kwa hela za mjomba, kwa sababu yeye aliweza kupata punguzo la bei. Mjomba alikuwa anaruhusiwa kabisa kumiliki silaha. Bado Abramski alitiwa hatiani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikakubaliana na hukumu hiyo. Sheria ya 2022 imekaza zaidi: kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kunaweza kukufunga hadi miaka 15.

Zawadi ya kweli, kwa hela yako, kwa mtu unayejua anaruhusiwa, ni jambo tofauti. Lakini ndugu mwenye viza ya mwanafunzi akikwambia "nichukulie na mimi", mpe juisi.

Nusu otomatiki ni nini hasa?

Ukivuta triga mara moja, risasi moja inatoka. Bunduki yenyewe inatupa ganda la risasi iliyotumika, inaingiza nyingine kwenye chemba, na inakungoja uvute tena. Basi. Ile ya kumimina risasi mfululizo kwa kushikilia triga ni otomatiki kamili, na hiyo ni habari nyingine kabisa: tangu mwaka 1986 zilizotengenezwa upya haziuzwi kwa raia wa kawaida. Kifaa chochote kidogo unachouziwa mtandaoni "kuigeuza" bunduki yako iwe otomatiki ni tiketi ya gereza. Usikiguse.

Kwenye bunduki ndogo za kaliba ya .22, kazi hii inafanywa kwa njia rahisi sana. Nguvu ya risasi kwenda mbele inasukuma ganda kurudi nyuma, ganda linasukuma bolti, springi inairudisha. Kwenye bunduki kubwa kama AR-15, sehemu ya gesi inachepushwa kutoka kwenye mtutu na kurudishwa nyuma kuendesha mtambo. Vipande zaidi, joto zaidi, masizi zaidi, hela zaidi.

Na kwa faida ya mabishano ya kijiweni: AR ni kifupi cha ArmaLite, kampuni iliyoianzisha miaka ya 1950 kabla ya kuwauzia haki Colt mwaka 1959.

Mbona .22 ndiyo ya kuanzia?

Hapa ndipo binamu yangu alipokataa kwanza. Kazini walimwambia .22 ni ya watoto. Yeye alitaka AR-15.

Nikamwomba asiangalie bei ya bunduki, aangalie bei ya risasi. Bei hizi hupanda na kushuka, lakini risasi ya .22 LR mara nyingi iko kati ya senti 6 na 10. Risasi ya 5.56 ya AR-15 iko takriban senti 40 hadi 60. Chukua senti 8 kwa hii na senti 50 kwa ile. Ukienda uwanjani na kupiga risasi 200, .22 inakula dola 16. AR inakula dola 100. Nenda mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima: dola 384 dhidi ya dola 2,400.

Tofauti hiyo ni zaidi ya dola 2,000. Kwa mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi, hiyo ni karo.

Kinachotokea kwa wengi wanaoanza na AR kwa bajeti ndogo ni hiki: wananunua bunduki, wanapiga risasi mara mbili, wanashtuka bei, inabaki chini ya kitanda. Wana silaha ambayo hawajui kuitumia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

.22 haipigi bega, kwa hiyo hujifunzi tabia ya kufumba macho na kukaza mwili kabla ya kuvuta triga. Kelele yake ni ndogo, ingawa vizuia kelele vya masikio ni lazima vilevile. Makosa yako unayaona kwenye karatasi na kuyarekebisha kwa senti nane nane.

Ina mipaka. Haifai nguruwe pori, ambao Texas wamekuwa balaa kwa wakulima. Kwa kulungu, Texas hairuhusu kabisa kuwinda kwa risasi za aina hii. Kama lengo lako ni uwindaji wa wanyama wakubwa, makala hii haikutoshi. Na kama lengo ni ulinzi wa nyumba, kumbuka unaishi kwenye apatimenti yenye kuta za jasi. Risasi ikikosa inaweza kupita ukutani na kuingia chumba cha jirani. Mafunzo kwanza.

Tukitaja majina

Ruger 10/22. Kama ningelazimika kujibu ule ujumbe wa sauti kwa neno moja, lingekuwa hili. Imeuzwa tangu mwaka 1964 na bado inatengenezwa. Toleo la kawaida dukani huwa kati ya dola 250 na 350 hivi. Uzito wake ni kama kilo mbili na robo, mtutu wa inchi 18.5. Magazini yake ya risasi 10 ni ya duara kwa ndani, risasi zinazunguka kama ngurudumu badala ya kupangana kwenye mnara, na inaingia yote ndani ya bunduki bila kuchomoza. Ndiyo siri ya kutokwama ovyo.

Faida nyingine ni kama ya kumiliki Corolla. Kila fundi anaijua, vipuri viko kila kona, na video za kuifungua na kuisafisha ziko YouTube mpaka uchoke. Leo unanunua ile ya kawaida yenye kitako cha mbao au plastiki. Miaka mitatu baadaye ukitaka mtutu bora au triga laini, unabadilisha kipande kimoja kimoja. Na ukiamua hii si starehe yako, utaiuza bila kupoteza hela nyingi. Ubaya wake ni kwamba kuisafisha mtutu vizuri kwa nyuma ni kazi, na vilengeo vya kiwandani kwa matoleo mengi ni vya kawaida tu.

Savage 64 ni ya bei ya chini zaidi, mara nyingi chini ya dola 200. Magazini ya risasi 10 inayotoka. Haina umaridadi, na vipuri vya kuipamba ni vichache. Lakini inapiga inakolengwa, na kwa mtu mwenye bajeti kavu si ya kudharau.

Marlin 60 ni ya kutafuta mitumba. Ilianza mwaka 1960 na ilitoka kiwandani kwa miongo sita, mpaka kampuni mama, Remington, ilipofilisika mwaka 2020. Zimejaa nchini humo. Magazini yake ni bomba lililo chini ya mtutu, unaingiza risasi moja moja kwa mbele. Wengine wanaona usumbufu. Mimi naona inamfundisha mtu subira, lakini kuna jambo moja la hatari: ni vigumu kuona kwa haraka kama bomba liko tupu. Kwa nyumba yenye vijana wanaojifunza, ningechukua yenye magazini inayotoka.

Smith & Wesson M&P 15-22 ina umbo na vidhibiti vya AR-15 lakini inakula .22. Ni ya plastiki kwa sehemu kubwa, nyepesi, bei yake ni juu ya Ruger. Kama unajua kwamba baadaye utahamia AR, hapa mikono yako inajifunza mapema palipo na kila kitu. Lakini umbo hilo hilo linaiingiza kwenye makatazo ya majimbo fulani. Tutafika huko.

Kama bado unataka AR-15 yenyewe, Ruger AR-556, M&P15 Sport ya Smith & Wesson na zile za Palmetto State Armory ndizo zinazotajwa zaidi kwa bei nafuu, takriban dola 500 hadi 800. Soma maandishi kwenye mtutu kabla ya kununua risasi. Bunduki iliyoandikwa 5.56 inaweza kutumia pia risasi za .223 Remington. Iliyoandikwa .223 pekee isipewe 5.56, kwa sababu presha inaweza kuzidi kile chemba hiyo ilichotengenezewa.

Na AK? Najua utauliza, hii sura tunaijua tangu utotoni kwenye taarifa ya habari. Zamani AK za Ulaya Mashariki zilikuwa njia ya mkato ya bei rahisi. Siku hizo zimepita. Bunduki zenyewe zimepanda, na mwaka 2021 Marekani ilizuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, zile zilizokuwa zinaifanya AK iwe nafuu kulisha.

Dola 500 zinaishaje?

Nilikaa na binamu kwa simu tukapiga hesabu. Bunduki, 280. Vifunika masikio na miwani ya kinga, 40. Kabati dogo la chuma lenye kufuli, 100. Vifaa vya kusafishia na mafuta, 20. Risasi 500, 40. Jumla 480.

"Imebaki ishirini!" akasema.

Haikubaki. Kodi ya mauzo Texas inaweza kufika asilimia 8.25, na hapo ile 480 inapita 500. Kiingilio cha uwanja hakijalipwa. Ukitaka darubini ya kulengea, anza kuhesabu upya.

Njia za kubana ni mbili. Ya kwanza ni kukodi kabla ya kununua: viwanja vingi vya shabaha hukodisha bunduki, kwa hiyo unaweza kujaribu Ruger na Savage siku moja ukajua ipi inakaa begani kwako. Mtu mfupi hasa asinunue kwa picha. Kitako kikiwa kirefu, utalazimika kuegemea nyuma, na hutalenga vizuri kamwe.

Ya pili ni mtumba, lakini kwenye duka lenye leseni ili ukaguzi ufanyike na uwe na risiti. Omba muuzaji athibitishe iko tupu, kisha angalia ndani ya mtutu kwa tochi: unataka mng'ao, si kutu. Pitisha kidole kwenye kitako kutafuta ufa. Skrubu zilizochunika vichwa zinakwambia kuna mtu aliyejifanya fundi. Anayekuuzia kwenye maegesho ya magari na hataki maswali, muage.

Jimbo lako si Texas?

Kila nilichosema juu ya Ruger 10/22 kinaweza kubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Texas haina mengi ya kuongeza juu ya sheria ya shirikisho. Illinois unahitaji kwanza kadi ya FOID, na tangu Januari 2023 jimbo hilo linazuia uuzaji wa bunduki nyingi za aina ya AR. Washington ilipitisha katazo lake mwaka huo huo, na kule hata .22 ndogo ikiwa nusu otomatiki inahitaji mnunuzi wa miaka 21. New York inataka leseni kwa bunduki yoyote nusu otomatiki, California magazini haiuzwi ikizidi risasi 10. Mahakama bado zinavutana juu ya sheria hizi, kwa hiyo soma tovuti ya jimbo lako wiki unayonunua, si mwaka uliopita.

Nyumbani kuna watoto?

Bunduki nyingi mpya huja na kufuli ya waya kwenye boksi. Itumie, lakini isiwe peke yake. Bunduki ndani ya kabati la chuma, risasi mahali pengine penye kufuli, funguo kwako. Juu ya kabati la nguo si mahali pa kuficha. Wewe ulijua mama alikoficha sukari.

Jambo jingine hatupendi kulisema. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Ughaibuni kuna upweke, zamu za usiku, ndoa zinazovunjika kwa simu. Kama wewe au mtu unayeishi naye anapita kipindi kizito, dola 500 zikae benki. Na kama bunduki tayari ipo, itoke nyumbani kwa muda, ihifadhiwe kwa njia halali. Ndani ya Marekani unaweza kupiga 988 saa yoyote kuzungumza na mtu.

Siku ya kwanza uwanjani

Mwambie msimamizi ni mara yako ya kwanza. Hakuna atakayekucheka, watakupenda. Ichukulie kila bunduki kama imejazwa. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kiko nje ya triga mpaka umelenga. Jua kilicho nyuma ya shabaha.

Risasi za .22 za bei rahisi huwa na tabia ya kugoma. Ukivuta triga na kusikia "tik" tu, usiigeuze bunduki kuitazama. Ielekeze mbele, hesabu hadi 30, ndipo uitoe, maana kuna zinazochelewa kulipuka. Ikigoma sana, jaribu risasi za kampuni nyingine kabla ya kuilaumu bunduki. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto. Risasi zina madini ya risasi, ndiyo, jina moja kwa Kiswahili, na vumbi lake ni sumu. Nguo zako zioshe peke yake.

Binamu yangu alinunua Ruger ya kitako cha mbao, ya mtumba, kwa bei aliyokataa kunitajia. Alinitumia picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu kumi, saba kati yake yakiwa ndani ya duara la kati. Nikamjibu kwa swali moja tu, kwa sababu Desemba hii anakuja nyumbani: begi analokwenda nalo uwanjani, ndilo analosafiria?

Akaandika, "Ngoja." Baada ya dakika tano akanitumia picha nyingine. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, kati ya chaja ya simu na kitambulisho cha kazi, zilikuwa risasi tatu za .22. Zingepita naye hadi kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege.

Ameshanunua begi jingine.